Saa 40, 150 au 200: rubani wa helikopta anahitaji mafunzo kiasi gani?

Swali: "Nina miaka 24, navaa miwani na nina uzito wa kilo 98. Nataka kurusha helikopta kama kazi, si kwa starehe. Sehemu moja nimesoma zinatakiwa saa 40, kwingine 150, kwingine 200. Nishike ipi? Na je, nikianza na ndege ya kawaida ya mabawa kwa sababu saa zake ni nafuu, saa hizo zitahesabiwa?"

Jibu: Namba zote tatu ni za kweli, ila kila moja inahusu kitu kingine. Saa 40 ni kiwango cha chini cha leseni ya rubani binafsi, ambayo haikuruhusu kulipwa. Saa 150 ni za leseni ya biashara. Saa 200 hazimo kabisa katika masharti ya leseni hiyo, lakini ndizo zinazoamua kama utaajiriwa au utabaki na leseni mfukoni. Wewe umesema unatafuta kazi, basi panga bajeti kwa 200, halafu hizo mbili nyingine uzichukue kama vituo vya njiani.

Msingi wa yote ni Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, kinachosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Humo leseni binafsi ya helikopta inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 kama umesoma kwa mtaala ulioidhinishwa. Ndani yake ziwemo saa 10 za kuruka peke yako, na kati ya hizo saa 5 ziwe za safari ya masafa, ikiwemo safari moja isiyopungua kilomita 180 yenye kutua sehemu mbili tofauti. Leseni ya biashara inataka miaka 18 na saa 150, au 100 katika kozi iliyoidhinishwa, na saa 35 kati yake uwe wewe ndiye rubani mwenye dhamana ya chombo. Unaongezewa saa 10 za kujifunza kuruka kwa kutegemea vyombo vya kupimia tu, bila kuona nje, na hadi 5 kati ya hizo zinaweza kufanyika kwenye kifaa cha mazoezi cha ardhini. Ukitaka kuruka usiku kuna saa 5 za giza.

Juu ya msingi huo kila mamlaka hujenga ghorofa yake. Marekani hubaki na 40 kwa leseni binafsi, lakini hugawa kwa undani: saa 20 na mkufunzi, 10 peke yako, 3 za usiku zenye kuruka na kutua mara 10, na saa 3 za kujiandaa kwa mtihani ndani ya miezi miwili ya kalenda kabla ya mtihani wenyewe. Hilo la mwisho huwaumiza wengi. Mwanafunzi anamaliza kila kitu, mtahini anachelewa kupatikana au hali ya hewa inaharibika, miezi miwili inapita, na saa hizo 3 zinabidi kurudiwa kwa gharama yake. Ulaya, chini ya EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, leseni binafsi ni saa 45, na 35 kati yake ziwe kwenye aina moja ya helikopta. Kozi unganishi ya kutoka sifuri hadi leseni ya biashara ni saa 135. Anayekwenda kwa vipande hatakiwi kuingia kozi ya biashara kabla hajafikisha saa 155.

Zipokee namba hizi kama sakafu. Anayefaulu mtihani wa leseni binafsi akiwa na saa 40 kamili ni nadra, na mara nyingi ni mtu aliyeruka karibu kila siku bila kukatiza. Helikopta inasahaulika haraka mikononi. Anayeruka mara moja kwa wiki hutumia nusu ya kila somo kurudisha alichokuwa nacho wiki iliyopita. Mwenye pesa ya saa 20 tu ni afadhali angoje mpaka awe na ya 60, kisha aruke mara tatu au nne kwa wiki.

Sasa miwani. Miwani haimzuii mtu. Kwa kiwango cha ICAO, cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho ndicho cha leseni ya biashara, kinataka kila jicho lifikie 6/9 (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida husoma kwa mita 9) na macho yote mawili pamoja 6/6, na kurekebishwa kwa miwani kunakubalika. Utaandikiwa sharti la kuivaa kila unaporuka na kubeba ya akiba inayofikika upesi. Kinachoangusha watu ni rangi. Ukishindwa kusoma sahani za vitone vya rangi hupimwa tena kwa njia nyingine, na ukishindwa huko pia unaweza kuwekewa mipaka kama kutoruka usiku, jambo ambalo kwa rubani wa kazi ni kufungiwa milango mingi. Kwa hiyo nenda kwa daktari wa usafiri wa anga aliyeidhinishwa kabla ya kulipia hata saa moja ya kuruka, na uombe moja kwa moja daraja la kwanza, hata kama leseni ya kwanza inataka daraja la chini tu. Kama kuna tatizo, ni bora lijulikane leo kuliko baada ya kutumia pesa ya saa 100.

Uzito wako ni suala zito kuliko macho, na shule nyingi hazilisemi mapema. Helikopta ya mafunzo iliyoenea sana ni Robinson R22, yenye viti viwili. Kila kiti kina kikomo cha kilo 109, na mzigo uliowekwa chini ya kiti unahesabiwa humo humo. Kwa hapo wewe uko ndani ya kikomo. Lakini uzito wa juu wa chombo kizima ni kilo 622, na chenyewe kikiwa kitupu huwa karibu kilo 400, kutegemea vifaa vilivyofungwa. Zinabaki 222. Toa kilo zako 98, toa za mkufunzi wa kilo 85, unabakiwa na kilo 39 za mafuta, ambazo ni lita 54 hivi. Injini inakunywa takriban lita 35 kwa saa. Ukitenga akiba ya dakika 20, muda wa kuruka ni kama saa moja na dakika kumi. Unatosha somo la mzunguko wa uwanjani, hautoshi safari ndefu ya masafa bila kujaza njiani. Siku ya joto au uwanja ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, tatizo linahama kutoka kwenye mizani hadi kwenye nguvu ya injini: chombo kinaelea kwa shida, na hakuna ziada ya kufanyia mazoezi ya kupaa kwa mwinuko mkali.

Hivyo una njia tatu. Tafuta mkufunzi mwepesi, au upunguze kilo kumi, au ujifunzie chombo kikubwa zaidi kama R44 yenye viti vinne, ambayo saa yake ni ghali zaidi kwa kiasi cha kuuma. Mimi ningechagua kupunguza uzito. Faida yake haiishii darasani, kwa sababu anayetafuta mkufunzi wa kuajiri kwenye helikopta ndogo huangalia kilo zako kabla ya vyeti vyako.

Twende kwenye ndege ya mabawa, maana hapo ndipo watu hupiga hesabu isiyotimia. Kisheria saa zake huhesabiwa, kwa mipaka. Marekani, kati ya saa 150 za leseni ya biashara, zinazolazimika kuwa za helikopta ni 50 tu, 35 kati yake ukiwa mwenye dhamana. Mwenye leseni ya ndege ya mabawa anayeongeza helikopta katika ngazi ile ile ya leseni hafanyi tena mtihani wa maandishi, ila wa kuruka anaufanya. Ulaya ni wabahili zaidi: kwa leseni binafsi unapunguziwa asilimia 10 ya saa zako ulizoruka kama mwenye dhamana, na punguzo halizidi saa 6.

Ukiangalia 150 pekee, mpango wa saa 100 za mabawa na 50 za helikopta unapendeza. Lakini kumbuka ile 200. Kazi ya kwanza ya marubani wengi wa helikopta ambao hawakutoka jeshini ni kufundisha, na Marekani kanuni maalumu ya Robinson iitwayo SFAR 73 inamtaka anayefundisha kwenye R22 awe na saa 200 za helikopta, zikiwemo 50 za R22 yenyewe. Saa za mabawa hazimo. Ulaya sharti la kuingia kozi ya ukufunzi ni saa 250 za helikopta, 100 kati yake kama mwenye dhamana ikiwa una leseni ya biashara. Kwa hiyo ulichookoa kwenye leseni utakilipa ukitafuta kazi. Anza na mabawa kama tayari unayo leseni hiyo au kama unataka kazi za pande zote mbili. La sivyo weka pesa yako yote kwenye rota, yaani mapanga ya helikopta.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye bajeti. Rubani wa mabawa amezoeshwa kwamba kengele ya hatari ikilia au mwendo ukipungua, anasukuma usukani mbele. Kwenye helikopta yenye rota ya mapanga mawili inayocheza juu ya mhimili, kusukuma mbele kwa ghafla kunaondoa uzito kwenye rota. Mwili wa chombo unaanza kubiringika kulia kwa sababu ya msukumo wa rota ya mkia, rubani anavuta kushoto kwa silika, na kitovu cha rota kinaugonga mhimili. Mhimili unaweza kukatika. Tiba ni kuvuta saikliki (usukani wa mkononi unaoinamisha rota) nyuma taratibu kwanza ili rota ipate mzigo, halafu ndipo kunyoosha mbiringiko. Mwanafunzi asiye na mazoea ya zamani hujifunza hili mara moja. Mwenye saa 300 za mabawa lazima kwanza afute kilichomo.

Mafunzo yenyewe hufuata mpangilio unaofanana karibu kila shule. Saa 5 hadi 10 za mwanzo huliwa na kuelea, yaani kusimama hewani mita moja na nusu hivi kutoka ardhini bila kuhama. Mkufunzi mzuri hakukabidhi vyote kwa pamoja. Anakupa pedali peke yake uelekeze pua, kisha kolektivu uongeze na kupunguza kimo, mwisho saikliki, ambayo ndiyo ngumu. Kosa la wote ni lile lile: macho kwenye majani yaliyo mbele ya kioo. Ukitazama karibu unaona chombo kimehama baada ya kuwa kimehama, unasahihisha kwa kupitiliza, kinarudi upande wa pili, nawe unakifukuza huku na huku mpaka mkufunzi anakunyang'anya. Tazama mita 50 au 100 mbele, pumzisha mkono juu ya paja, na usogeze saikliki kwa shinikizo la vidole. Siku moja tu, bila kujua kilichobadilika, kitatulia.

Baada ya kuelea huja mizunguko ya uwanjani, kutua kwenye mteremko, kusimama ghafla, maeneo finyu, kisha dharura. Somo linalobeba uhai wako ni otorotesheni: kushuka bila nguvu ya injini, upepo unaopanda kutoka chini ndio unaozungusha rota. Kwenye R22 rota ni nyepesi, hivyo haina akiba ya mzunguko. Injini ikikata, una kama sekunde moja hivi ya kuteremsha kolektivu hadi chini. Honi ya mzunguko mdogo hulia kwenye asilimia 97 ya kasi ya kawaida ya rota. Kwenye asilimia 80, ukiongeza 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, mapanga yanapoteza mnyanyuo na hakuna wa kuyarudisha. Ukishateremsha kolektivu, shika mwendo wa noti 65, ambazo ni karibu kilomita 120 kwa saa, na weka rota kati ya asilimia 97 na 110. Kwenye futi 40 hivi inua pua kuua mwendo, kwenye futi 8 sawazisha chombo, halafu vuta kolektivu kulainisha mguso. Mwanafunzi akikosea, mara nyingi ni kwamba ameinua pua juu mno na akachelewa kusawazisha, mkia ukatangulia chini. Au amevuta kolektivu mapema, akajikuta futi 15 juu na rota imeishiwa.

Hiyo ndiyo sababu ya sharti lingine la SFAR 73: asiye na leseni ya helikopta haruhusiwi kuruka R22 peke yake kabla ya kufikisha saa 20 za mafunzo na mkufunzi. Ukisikia mwenzako kwenye ndege ya mabawa ameruka peke yake saa ya 12, usijilinganishe naye.

Mambo mengine mawili msisitizie mkufunzi wako hata kama mtihani unayagusa juu juu. La kwanza ni kuzama kwenye pete ya upepo wa rota yako mwenyewe: unashuka kwa zaidi ya futi 300 kwa dakika, mwendo wa mbele haufiki noti 30, na nguvu ya injini imewekwa. Ukiongeza kolektivu unazidi kuzama. Unatoka kwa kusukuma saikliki mbele na kupunguza kolektivu, au kwa mbinu ya Claude Vuichard, rubani wa Uswisi, ya kuinua kolektivu huku ukielekea ubavuni kwa saikliki na kuzuia pua isigeuke kwa pedali. Ya Vuichard hupoteza kimo kidogo, lakini inahitaji kuzoezwa mpaka iwe ya mwili.

La pili ni kuingia mawinguni bila kukusudia. Ajali ya Januari 26, 2020 karibu na Los Angeles, ambamo mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na wengine wanane walifariki, ilichunguzwa na NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali, ikaonekana rubani aliendelea kuruka kwa macho hadi akaingia mawinguni, akapotewa na hisia ya juu na chini. Rubani huyo alikuwa na uzoefu mkubwa na idhini ya kuruka kwa vyombo. Zile saa 10 za vyombo kwenye leseni yako ya biashara hazikufanyi mtu wa mawinguni. Kazi yake ni kukupa sekunde za kugeuka na kurudi ulikotoka. Kama bajeti inaruhusu, fanya idhini kamili ya vyombo.

Darasani kuna masomo tisa: sheria za anga, ujuzi wa jumla wa chombo, kanuni za kuruka, uwezo na mipango ya safari, hali ya hewa, uongozaji, taratibu za uendeshaji, uwezo na udhaifu wa binadamu, na mawasiliano ya redio. Ulaya alama ya kufaulu ni asilimia 75 kwa kila somo. Ongeza mtihani wa Kiingereza cha redio. Ngazi ya 4 ya ICAO ndiyo ya chini na hupimwa tena kila miaka 3, ya 5 kila miaka 6, ya 6 hairudiwi.

Kuhusu shule, usilipe kozi nzima kwa mkupuo. Februari 2008 shule ya Silver State Helicopters ya Nevada, Marekani, ilifunga ghafla na kufilisika, wanafunzi wengi wakabaki na mikopo mikubwa bila leseni. Lipa kwa awamu ndogo. Uliza wana helikopta ngapi zinazoruka wiki hii, si zilizoegeshwa. Chombo kinachofundishia kwa malipo hukaguliwa kila saa 100, na shule yenye chombo kimoja itakusimamisha kila ukaguzi ukifika. Uliza pia mkufunzi wako ana saa ngapi. Akiwa karibu na 1,000 huenda akaondoka kabla hujamaliza, kwa kuwa hapo ndipo waajiri wa helikopta za injini ya tabaini (turbine) huanza kumsikiliza mtu. Kubadilishiwa mkufunzi katikati ya kozi hugharimu saa kadhaa.

Kabla ya kuchagua nchi, jua unataka kufanya kazi wapi. Leseni ya Marekani haigeuki yenyewe kuwa ya Ulaya. Utafanya upya nadharia na mtihani wa kuruka. Ulaya kila aina ya helikopta ina idhini yake na huhakikiwa kwa mtihani kila mwaka, wakati Marekani idhini ya aina huanzia helikopta zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,670. Kwa sababu hiyo andika daftari lako la saa kwa undani kuliko unavyotakiwa na shule: aina ya chombo na namba yake ya usajili, saa ukiwa na mkufunzi na ukiwa mwenye dhamana, mchana na usiku, masafa, vyombo, idadi ya kutua na otorotesheni, kila ukurasa ukiwa na sahihi. Mamlaka nyingine ikikuomba mchanganuo miaka mitano baadaye, saa isiyo na safu yake haihesabiwi.